Tulivyouhamisha muraya kutoka South B

Mwenye nyumba wetu wa South B, Nairobi, alitaka pale uliposimama achimbe tangi la maji taka, na Mama hakukubali ukatwe. Ulikuwa muraya wa mita mbili, shina unene wa sentimita 6. Muraya ni wa ukoo mmoja na mchungwa na mlimau: majani madogo yanayong'aa, maua meupe ya petali tano yanayonukia hadi barabarani, kisha vitunda vyekundu. Hukua polepole mno, na mti uliofika kimo hicho huupati kitaluni kirahisi.

Mzee wa kitalu cha kando ya Barabara ya Ngong alitangulia kuja wiki sita kabla. Alichimba mtaro kuuzunguka mti, sentimita 30 kutoka shinani, akakata mizizi kwa beleshi lililonolewa, akaufukia kwa udongo uliochanganywa na mboji. Kazi kubwa iko hapo. Mizizi iliyokatwa hutoa nyuzi nyingi ndani ya duara, na hizo ndizo zinazonyonya maji mti ukifika ugenini. Mti uliong'olewa ghafla huondoka na mizizi minene tu, isiyonyonya vya kutosha.

Tuliuhamisha Aprili, mvua ikiwa imeshika. South B ni udongo mweusi wa pamba: ukikauka hupasuka na kukata mizizi, ukiloa sana donge la udongo lililoshika mizizi humeguka. Mzee alifinyanga kidogo mkononi. Ulipojikusanya bila kuchuruzika maji, akaturuhusu tuanze.

"Mzee, si tufunge kamba shinani tuvute?" fundi mmoja akauliza.

"Hapana, kijana. Ukivuta shina, nyuzi zote zinabaki shimoni."

Tuliliinamisha donge upande mmoja, likapitishiwa gunia la katani chini, likainamishwa upande wa pili na kukazwa kwa kamba. Donge la upana wa sentimita 60 na kina cha 40 lina zaidi ya kilo 100, kwa hiyo wanaume wanne walilibeba kwa pembe za gunia hadi kwenye pikapu.

Kabete, tulikoupeleka, udongo ni mwekundu na hautuamishi maji. Shimo lilikuwa pana mara mbili ya donge, kina kilekile. Mzee alilaza mpini wa jembe juu ya shimo kuhakikisha shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, imebaki juu kidogo ya ardhi. Ikizikwa, gome huoza taratibu. Samadi mbichi aliikataa kabisa, maana huunguza nyuzi changa.

Kisha akaja kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Donge la udongo wa pamba likikauka ndani ya udongo mwekundu husinyaa, ufa hufunguka pembeni, na maji yote hupita huko huku mizizi ikibaki na kiu. Akajenga kingo juu ya donge lenyewe, akamimina lita 20 polepole.

"Mama, mwagilia hapa katikati, hata kama mvua imenyesha."

Alipunguza theluthi ya matawi, akatandaza nyasi kavu bila kuzigusisha shina.

Majani mengi yalipukutika, majirani wakasema umekufa. Mama alikwaruza gome kwa ukucha, akaona kijani, akaendelea kumwagilia. Ulichanua na mvua za Novemba, kwani muraya hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya mvua inapofuata kiangazi. Ndiyo maana hupogolewa mara tu maua yanapoanguka. Mkasi ukichelewa, hukata ncha ambazo zingechanua.