Ramani ya shamba la Hombolo: nimehamia Arch

Kwenye kompyuta nimetoka Ubuntu nikahamia Arch, zote mbili ni distro, yaani aina za mfumo wa Linux. Kazi bado ni ileile: kuchora ramani ya shamba la zabibu la mjomba kule Hombolo, Dodoma, tujue maji yanakimbilia wapi kabla mvua za Desemba hazijaanza, ili makinga maji yachimbwe panapostahili. Data za SRTM, yaani vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka anga za juu, hazitoshi. Kila kipande chake ni mita 30 kwa 30 na shamba ni ekari mbili, kwa hiyo shamba zima linaenea kwenye vipande kama tisa tu. Jamaa mmoja wa Ipagala akanirushia droni, akanipa faili la LAZ lenye nukta mpaka basi, kila nukta na mahali pake na kimo chake.

Ubuntu 22.04 ikagoma hapo. QGIS (programu ya ramani) iliyo kwenye hazina yake ya programu ni 3.22: nukta inazionyesha, kuzichakata haiwezi. Zana za kuchakata zilikuja na 3.32. Najua QGIS wana hazina yao, na Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, ipo. Ila nusu ya kazi naifanya kwenye teminali kwa GDAL (zana za data za ramani), PDAL (zana za nukta) na Python, na hizo zingebaki za zamani vilevile. Kufukuzia programu mojamoja kunachosha. Bora distro inayosasishwa mfululizo.

Debian testing hugandishwa kwa miezi kabla ya toleo jipya, nikaipita. Manjaro hushikilia vifurushi vya Arch kwa muda huku AUR, hazina ya vifurushi vya watumiaji wa Arch, ikitegemea vya leo, sikuona faida. Tumbleweed ndiyo iliyoniweka njia panda. Kila toleo hupimwa kwanza na openQA, mfumo wa majaribio, na kwa Btrfs na Snapper, vinavyotunza nakala za hali ya mfumo, sasisho likiharibika unachagua hali ya jana kwenye menyu ya kuwashia, basi. Kinachoniumiza ni bando. Wakibadilisha kompaila, yaani programu inayojenga programu nyingine, karibu distro nzima hujengwa upya, na unakuta maelfu ya vifurushi yanakusubiri. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa gigabaiti, hapo zabibu za mjomba zote zinaishia kwenye vocha.

Nikachukua Arch. Usiku, bando likiwa rahisi, naandika `sudo pacman -Syuw`, inapakua masasisho tu bila kuyasakinisha. Asubuhi betri ikiwa imejaa, nasoma kwanza matangazo ya Arch, halafu `sudo pacman -Su` inayasakinisha. Nimetenganisha hatua hizi kwa sababu ya umeme: ukikatika keneli (kiini cha mfumo) ikiwa inaandikwa, na betri imechoka, mashine inaweza kukataa kuwaka mpaka uiokoe kwa flashi na `arch-chroot`. Pembeni nimeweka `linux-lts`, keneli ya msaada wa muda mrefu, ili keneli mpya ikileta nyodo niwashe na hiyo. Na kile kimtindo cha `pacman -Sy` kisha kusakinisha kifurushi kimoja, sikigusi. Programu inakuja mpya, maktaba zake zinabaki za zamani, haifunguki.

Usumbufu upo: Python ikipanda toleo, mazingira yangu ya venv, ninamotunzia maktaba za Python za kila kazi, lazima niyajenge upya. Navumilia.

Rasta ya kwanza, yaani ramani ya mwinuko iliyogawanywa vipande vidogo, imetoka. Mteremko unaonekana wazi, unashukia kona ya kaskazini mashariki, ila mistari ya mizabibu imehesabiwa kama matuta ya udongo, kwa hiyo ramani inadai maji yanazuiwa na majani. Jumamosi natambua nukta za ardhi kwa `filters.smrf` ya PDAL, halafu nabakiza hizo tu. Mjomba kashauliza kama atafute vibarua. Nimemwambia asubiri kwanza.