Revenge of the Fallen: ile vita ya msituni ndo muvi yenyewe

Naomba niseme wazi, Transformers ya pili, ile muvi ya maroboti yanayogeuka magari na ndege, Revenge of the Fallen ya 2009, ina sini moja ambayo mpaka leo sijaona muvi ya maroboti ikaifikia, na sini yenyewe ni ile vita ya msituni. Najua watu wanaiponda hii muvi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ilipewa mpaka tuzo ya Razzie ya muvi mbovu ya mwaka japo iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na wanaoiponda mengi wanasema kweli, ila wanaifukia na ile sini humo humo, hapo ndo tunapokosana.

Angalieni vizuri. Optimus Prime, kiongozi wa maroboti wema anayegeuka lori la pua ndefu, yuko na Sam tu, yule kijana binadamu, wenzake hawajafika, mbele yake maroboti adui, Megatron mkubwa wao, Starscream na lile la helikopta, Grindor, yaani watatu kwa mmoja tena mchana kweupe. Anamkata Starscream mkono, anamrukia Grindor anamchana uso na zile ndoano zake vipande viwili, na muda wote unajua nani anampiga nani kwa sababu pale kuna miti. Hiyo miti watu hawaisemi kabisa. Mti mzima unavunjika kiunoni kwa roboti kama kijiti, unaelewa papo hapo urefu wake na uzito wake, akidondoka unaona ardhi inavyochimbika. Kule jangwani mwisho hamna kitu cha kupimia, ni mchanga, vumbi na vyuma vya kijivu vinagongana, mpaka unajiuliza huyu ni wa kwetu au wa kwao.

Afu Optimus anakufa. Megatron anamchoma kwa nyuma, upanga unatokea kifuani, na Sam anaona yote.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunaijua sheria, steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa minyororo, mwisho atarudi awamalize wote. Mi hii muvi niliionea kibandani Chang'ombe hapa Dodoma, mabenchi yamejaa mpaka madogo wamekaa chini kwenye vumbi karibu na tivii, na yale macho ya bluu yalipozima kukawa kimya cha ajabu, jamaa mmoja akasimama akamwambia mwenye kibanda arudishe nyuma maana CD imeruka. Haikuwa imeruka. Akarudishiwa, akaona tena upanga ukitokea kifuani, akakaa bila kusema neno. Bumblebee, yule roboti wa njano rafiki wa Sam, tunampenda wote ila hajawahi kutunyamazisha hivyo, Optimus tulimzoea kama mtu, na ile sauti ya Peter Cullen ambaye anamuigiza tangu katuni ya 1984 ina uzito wa mzee wa familia akiongea. Ndo maana hii muvi naipenda ikiwa haijatafsiriwa, DJ anachekesha sawa, lakini anaifunika ile sauti.

Sasa shida ya muvi inaanzia hapo hapo, kwa sababu akishakufa Optimus hamna mwingine wa kuibeba. Inabaki zaidi ya saa nzima tunazungushwa, mara makumbusho ya ndege Marekani, mara Jetfire, roboti mzee, anawarusha mpaka Misri, mara wako Petra ambayo iko Jordan, mara wako Giza kwenye piramidi, wakati katikati kuna Sinai nzima, wao wanakatiza tu. Mgomo wa waandishi wa Hollywood, ule wa Novemba 2007 mpaka Februari 2008, uliwakuta skripti haijakaa sawa na dairekta Michael Bay mwenyewe alishasema ule mgomo uliwaumiza. Naelewa. Ila mgomo hauelezi wale mapacha Skids na Mudflap. Wale wameniuma kweli, maroboti mawili yamepewa lafudhi ya kuigiza watu weusi, moja lina jino la dhahabu, wakiulizwa kusoma maandishi wanasema wao mambo ya kusoma hawana, na hayo yote yamewekwa ili watu wacheke, halafu muvi hiyo hiyo inakuja kumalizikia Misri, Afrika. Mtoto anayeangalia huku Nkuhungu au Majengo anajifunza nini hapo? Wangetolewa wote wawili na hadithi isingepungua hata nukta moja.

Huku barabara ya Singida malori yanapita usiku na mchana, mengi ni Scania na Howo za uso bapa, siku likipita lenye pua ndefu utasikia madogo wanaliita Optimus, na wengine wao mwaka ule muvi inatoka walikuwa hawajazaliwa. Upendo wa hivyo dairekta angeutunza.

Na mwisho ndo nina uchungu nao zaidi. Jetfire anautoa moyo wake mwenyewe ili viungo vyake apewe Optimus, sini nzuri sana, mzee aliyekuwa upande wa maadui anachagua afe kwa heshima, Optimus anapaa na mabawa mapya, unakaa vizuri kwenye benchi unasubiri pambano, afu The Fallen, adui mkuu, bosi wa Megatron, anamalizwa ndani ya dakika chache tu. Huyo ndo jina lake liko kwenye muvi! Megatron anavunjwa uso, anakimbia, basi imeisha. Muvi ina karibu saa mbili na nusu, na pambano tulilolisubiri tangu msituni limepewa muda kiduchu kuliko mama yake Sam alivyopewa kule chuoni akiwa amelewa keki za bangi. Ningepewa mimi mkasi, ile chuo yote ingebaki sini mbili, mapacha hawapo, muda wote ule ningeuhamishia kwa Optimus na The Fallen, na ningewapigania mahali penye majengo au miti, mchana, kamera imetulia.