Saa nne hewa hujaa, saa kumi hupwa

Mwaka 1996 nilikuwa na wiki tatu tu kazini, kwenye kituo cha hali ya hewa mkoani Tanga. Saa nne asubuhi barometa, kipimo cha kani ya hewa, ilisoma milibari 1014. Saa kumi alasiri, 1011. Moyo ukanienda mbio. Kwangu kushuka vile kulikuwa dalili ya tufani. Nikakimbilia pwani kwa ami yangu, nikamsihi asitoke. Ulikuwa usiku wa giza, usiku wa dagaa, karabai zimeshatiwa mafuta. Akatazama mbingu, akanitazama mimi. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Usiku ule bahari ilikuwa shwari tupu. Wenzake walirudi mashua zimejaa.

Asubuhi mzee wa zamu hakunigombeza. Alifungua barografu, barometa inayojiandikia yenyewe, akatoa karatasi ya wiki nzima, akaikunjua mezani. Wino wa zambarau: kilima, bonde, kilima, bonde, mara mbili kila siku. Vilele saa nne, asubuhi na usiku. Mabonde saa kumi, alasiri na alfajiri.

"Hewa nayo hujaa na kupwa," akasema. "Ila haifuati mwezi kama bahari. Yafuata jua." Jua hupasha moto gesi ya ozoni iliyo juu na mvuke wa maji ulio chini, anga zima likaitika; na huku kwetu karibu na ikweta ndiko mwitiko huo unakosomeka wazi.

Nilimpelekea ami ile karatasi, na kumwomba radhi. Akaufuata wino kwa kidole. Habari ya dagaa hakuitaja. "Pale mlangoni mwa hori," akasema, "maji yakitoka, wimbi linaloingia husimama likavunjika. Hewa nayo ina mawimbi?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miaka mingi baadaye, chuoni. Hewa iliyorushwa juu na wingu la radi au mlima, uzito wake huirudisha, ikapitiliza, ikapanda tena: hilo ni wimbi. Hupanda likikua, kwa kuwa hewa huko inazidi kuwa nyepesi. Kwenye kilomita 80 hadi 100, kule kujaa na kupwa kwa milibari chache ni upepo wa makumi ya mita kwa sekunde, unaogeuka kadiri saa zinavyopita. Wimbi likikuta upepo unaokwenda nalo mwendo mmoja, hujibana, huvunjika, na nguvu yake humwagikia upepo. Saa nyingine wimbi la namna ile ile hupita salama.

Nikampigia ami simu.

"Basi ni kama mlangoni," akasema.

"Karibu sana, ami. Ila mlangoni wimbi huvunjwa na maji yanayolipinga. Kule juu huvunjwa na upepo unaokwenda nalo."

Alinyamaza kitambo. "Unaokwenda nalo," akarudia, polepole.