Jina la fundi mtandaoni: makala kwanza, video juu yake

Fundi anayefunga sola Morogoro au Nakuru hupata wateja kwa watu kuambiana. Anayemhitaji akiwa wilaya ya pili hana pa kumpatia, hata kama ndiye fundi bora wa mkoa mzima. Blogu na chaneli ya video huziba pengo hilo, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hulikwepa: ujulikane kwa kujibu aina moja ya maswali, na uyajibu kikamilifu, mpaka mwenye swali hilo akitafuta popote akutane na wewe. Nitamtumia fundi sola kama mfano kwa sababu kazi yake ina hesabu, na mtu humwamini haraka anayemwonyesha hesabu. Mshonaji, mfugaji wa kuku au mwalimu wa kemia atabadilisha mifano tu.

Anza na jina, na kwa maoni yangu liwe lako mwenyewe. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha za habari, aliipa blogu yake jina lake alipoianzisha mwaka 2005. Millard Ayo naye, akiwa mtangazaji wa redio, aliiita tovuti yake kwa jina lake. Kazi ikipanuka, jina la mtu hupanuka nayo. Ukijiita kwa jina refu la Kiingereza lenye maneno kama "best" na "solutions", utafanana na wengine mia, na siku ukianza kufunga pampu za maji jina halitakufaa tena. Chagua jina ambalo mtu akilisikia mara moja kwenye simu ataliandika sawasawa bila kuuliza. Kabla ya kulipia chochote, hakikisha linapatikana kwa herufi zilezile YouTube, Facebook, Instagram na TikTok, ulisajili kote siku hiyohiyo, hata mahali ambapo hutachapisha kwa sasa.

Anwani ya tovuti inayoishia na .com hugharimu takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na zile za .co.tz na .co.ke hununuliwa kwa wasajili walioidhinishwa. Hapa ndipo watu wengi huumia: kijana wa kompyuta anasajili anwani kwa barua pepe yake, na miaka miwili baadaye hapatikani. Anwani isiyolipiwa huachiliwa, na mwingine huinunua. Sajili kwa barua pepe yako, lipia miaka miwili kwa mkupuo, na uandike tarehe ya mwisho mahali unapopaona kila siku. Kwa kuanzia Blogger, huduma ya blogu ya Google, inatosha kabisa kwa kuwa haina ada ya kuhifadhi tovuti. Ukitaka blogu ifunguke kwa anwani yako, nenda kwa msajili wako kwenye mipangilio ya DNS (inayoelekeza jina la tovuti lifungukie wapi), uelekeze CNAME, yaani mstari wa maelekezo, ya www kwenda ghs.google.com, uongeze na CNAME ya pili ya uthibitisho utakayopewa na Blogger. Kisha washa HTTPS, yaani muunganisho salama, kwenye mipangilio ya Blogger. Usipoiwasha, simu nyingi zitamwonya msomaji kwamba tovuti si salama, naye ataondoka.

Sasa maswali. Usiandike makala hata moja kabla hujawa na orodha ya maswali 30. Chanzo cha kwanza ni midomo ya wateja: wanachouliza dukani, wanachotuma WhatsApp, wanacholalamikia baada ya miezi mitatu. Chanzo cha pili ni kisanduku cha kutafutia cha Google na cha YouTube. Andika "sola ya wati" kisha usimame. Mapendekezo yanayotokea chini yanatokana na yale watu wanayotafuta kweli. Yaandike vilevile walivyoyaandika. Wapo wanaotafuta "sola", wapo "solar", wapo "umeme wa jua". Weka moja kwenye kichwa cha habari na nyingine ndani ya makala.

Tuchukue swali moja: sola ya wati 100 inaendesha vitu gani? Makala dhaifu huanza kwa historia ya nishati na kumalizia kwa "wasiliana nasi". Makala inayojenga jina hujibu ndani ya aya ya kwanza, kisha inafungua hesabu. Paneli ya wati 100, ikipata saa 5 za jua kali na ukitoa upotevu wa nyaya, joto na chaja, hukupa karibu wati-saa 375 kwa siku. Taa nne za LED za wati 9 kwa saa 5 hula 180. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 hula 120. Kuchaji simu tatu ni kama 45. Jumla 345, imebaki kidogo sana. Pasi ya wati 1000 haimo, na friji ya kawaida haimo. Betri ya maji ya volti 12, Ah (ampia-saa) 100, ina wati-saa 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Eleza pia kwa nini betri ya gari haifai: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikitumika usiku kucha huharibika. Msomaji aliyefika hapo tayari anajua wewe ni nani. Hajahitaji kuambiwa kwamba wewe ni mtaalamu.

Maneno 600 hadi 900 yanatosha. Weka picha mbili tatu ulizopiga mwenyewe kazini, uzipunguze upana hadi pikseli 1200 na uzito chini ya KB 150. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na MB 3 au zaidi, na msomaji mwenye bando dogo hataisubiri ifunguke. Ukishachapisha, sajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na utume ramani ya tovuti (sitemap, orodha ya kurasa zako), ama sivyo makala inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonekana kwenye utafutaji.

Video hutoka ndani ya makala hiyohiyo. Ndiyo sababu ninasisitiza kuandika kwanza: ukiandika, mapengo ya hoja yanaonekana mapema, na mbele ya kamera hutababaika. Mtu akizungumza kwa utulivu hutoa maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo makala ya maneno 800 ni video ya dakika saba au nane. Usiisome. Andika vichwa vya hoja sita kwenye karatasi, uibandike usawa wa kamera, useme kama unavyomweleza mteja. Salamu ndefu na "karibuni tena kwenye chaneli yangu" zipeleke mwisho au uzitupe kabisa. Katika sekunde 15 za kwanza mtazamaji aione paneli, aisikie namba 375 na ajue atatoka na nini.

Sauti itangulie picha. Watu huvumilia picha ya kawaida, lakini sauti yenye mwangwi huwafukuza papo hapo. Nunua maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola kabla ya kufikiria kamera, uiweke sentimeta 15 hadi 20 chini ya mdomo, mahali ambapo haisuguani na nguo. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae kina mwangwi. Tandika mkeka, tundika mapazia, au rekodi chumba chenye kitanda na magodoro. Chini ya paa la bati usirekodi mvua ikinyesha, hakuna programu itakayokuokoa. Rekodi sekunde kumi za majaribio, uzisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Mwanga uutafute dirishani, uso ukielekea dirisha na kamera ikiwa kati yako nalo. Jua la saa sita mchana huangusha kivuli machoni. Nje fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ukirekodi ndani usiku utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha. Chanzo chake ni taa: umeme wetu una mzunguko wa Hz 50, na fremu 30 kwa sekunde haziendani nao. Ingia kwenye hali ya kitaalamu ya kamera, weka kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari itakwisha. Bonyeza pia skrini kwa muda mrefu kufunga fokasi na mwanga, ili picha isiwe inabadilika kila unapoinua mkono.

Bando nalo lipigiwe hesabu. Ukihifadhi video ya 1080p kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, dakika moja ni MB 60, na dakika nane ni MB 480. Kwa 720p na megabiti 5, dakika nane ni MB 300. Kwa maelezo ya ufundi 720p yenye sauti safi inatosha. Pakia usiku kama mtandao wako una bando la bei nafuu saa hizo.

Thibitisha chaneli kwa namba ya simu mapema. Bila hivyo huwezi kuweka picha yako ya jalada la video (thumbnail) wala kupakia video inayozidi dakika 15. Jalada liwe pikseli 1280 kwa 720, lenye maneno matatu au manne makubwa yanayosomeka kwenye simu ndogo. Sura za video, yaani sehemu unazozitaja kwa dakika kwenye maelezo, zinahitaji alama ya kwanza iwe 0:00, ziwe angalau tatu, na kila moja iwe angalau sekunde 10. Kiungo cha makala kikae mstari wa kwanza wa maelezo, na video ipachikwe ndani ya makala. Hivyo kila kimoja kinakiletea kingine watu.

Wiki mbili baadaye fungua YouTube Studio, uangalie mambo mawili tu. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli zote hubofywa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara jalada linapoonyeshwa. Ukiwa chini ya 2, badilisha jalada na kichwa, usiguse video. Ukiona mstari wa watazamaji unaporomoka kabla ya sekunde 30, tatizo ni mwanzo wako. Usiweke Bongo Fleva chini ya sauti yako: mfumo wa Content ID utautambua wimbo na mapato ya matangazo yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa bure.

Kuhusu fedha, sema ukweli na nafsi yako. Mgawo kamili wa matangazo YouTube unahitaji waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts (video fupi za wima) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa za Shorts hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Fundi atapata mteja wa sola kupitia video yenye watazamaji 200 muda mrefu kabla ya hapo. Ukifika huko, Google hutuma namba ya siri ya kuthibitisha anwani kwa barua ya posta mapato yakifika dola 10, kwa hiyo sanduku la posta liandikwe sawasawa, na malipo hutoka yakifika dola 100. Jaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wake: asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote duniani. Kenya, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, ina kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui. Tanzania ina kanuni za maudhui mtandaoni tangu 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni. Nyumba ya mteja usiionyeshe bila ruhusa yake ya maandishi.

Mwisho ni ulinzi wa akaunti, kwa sababu chaneli inayokua huvutia wezi. Hila yao ya kawaida ni barua pepe ya udhamini yenye faili la "mkataba". Ukilifungua kwenye kompyuta linaiba kuki za kivinjari, yaani kumbukumbu zinazokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti, na mwizi anaingia bila kuhitaji nywila. Mdhamini wa kweli atakubali kuandika masharti ndani ya barua yenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu badala ya ujumbe wa simu, maana laini ikikaa miezi bila kutumika hupewa mtu mwingine. Chapisha namba za akiba kwenye karatasi, na umwongeze mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini awe meneja wa chaneli.