Mnyoo wa mwaloni: mambo yote yako kooni

Kama kuna mnyama anayeonewa kwenye vitabu vya baiolojia basi ni mnyoo wa mwaloni, yule wa baharini ambaye Kiingereza wanamwita acorn worm. Anapewa nusu ukurasa na mchoro mmoja, afu wanaruka kwenda kwa samaki. Mimi naona alistahili sura nzima, maana ukimfungua ndani unakutana na vitu ambavyo nyungunyungu hana kabisa, na kwa ukoo huyu yuko karibu na kiti cha pwani na jongoo bahari, na hata na sisi wenyewe, kuliko na hao minyoo wa shambani.

Mwili wake una sehemu tatu: mbele kuna mkonga mnene wa kuchimbia mchanga, halafu kola, halafu kiwiliwili kirefu laini. Wengi ni wadogo tu, ila Balanoglossus gigas wa Brazil anapita mita 1.

Tuanze na mkonga. Ndani yake, kule nyuma karibu na kola, kuna moyo, ndiyo, moyo uko puani! Ni kifuko kilichofungwa chenye misuli, kinabanabana damu iliyo chini yake, na damu yenyewe haina rangi. Ikishasukumwa inapita kwenye kiungo cha kuchuja, glomerulasi, maji yanajikamua kuingia kwenye uwazi wa mkonga na kutokea nje kwa kitundu kidogo pale shinani. Yaani moyo na kazi ya figo vimekaa pamoja kwenye nafasi finyu hivyo, na kinachovishikilia ni kijinyama kigumu kiasi kinachoitwa stomokodi, ambacho kimechomoza kutoka kwenye paa la mdomo kwenda mbele.

Hiyo stomokodi ndiyo iliyoleta ubishi. Mwaka 1883 kijana wa Kiingereza, William Bateson, alivuka bahari mpaka Chesapeake Bay kule Marekani kuwasoma hawa minyoo, akaamini stomokodi ndiyo notokodi, ule ufito ambao kwetu hutangulia uti wa mgongo tukiwa bado tumboni kwa mama. Wataalamu wengi leo hawakubaliani naye. Ila kwa maoni yangu watu wametumia nguvu nyingi mno kwenye stomokodi wakati ushahidi mzito wa ukoo wetu na mnyoo huyu ulikuwa hatua moja tu nyuma, kooni, na Alexander Kowalevsky, mtaalamu wa wanyama kutoka Urusi, alishauona tangu 1866.

Koo la huyu mnyama limetobolewa pande zote mbili. Matundu yamejipanga jozi kwa jozi, yanaongezeka kadiri anavyokua, na kuna aina zenye jozi zaidi ya 100. Ukiangalia tundu moja kwa hadubini, mwanzo huwa kama yai, halafu ulimi mdogo wa nyama unashuka kutoka juu na kuligawa mpaka linabaki na umbo la U, na kingo zake zinakazwa na vijiti vya kolajeni. Pembeni kumejaa vijinywele vinavyopiga bila kupumzika, vinavuta maji yaingie mdomoni, maji yanatokea kwenye hayo matundu, na chakula kilichonaswa kwenye ute kinaendelea na safari kwenda kwenye utumbo. Matamvua kabisa! Na mnyama mdogo wa baharini anaitwa amphioxus, anayefanana na samaki ila si samaki, naye anayatengeneza yake hivyohivyo, ulimi kushuka kutoka juu.

Utumbo wenyewe umenyooka hadi mwisho, katikati una vifuko vya ini ambavyo kwa baadhi ya aina vinaonekana hata kwa nje vikiwa vya kijani au kahawia. Neva zipo juu na chini, na kwenye kola kuna kamba ya neva ambayo kwa aina fulani ina uwazi ndani.

Mwaka 2015 ndo ikatoka jinomu, yaani orodha nzima ya jeni, ya aina mbili za minyoo hawa, Saccoglossus kowalevskii na Ptychodera flava, na kile kilichonifurahisha kuliko vyote ni kundi la jeni zilizokaa jirani, pax1/9 ikiwemo, zinazofanya kazi pale pale matundu ya koo yanapojengwa. Sisi tunalo kundi hilohilo. Mtoto akiwa tumboni wiki ya nne hivi anatokeza vifuko kooni, haviendi kuwa matamvua, cha kwanza kinatengeneza sikio la kati na mrija unaoliunganisha na koo, vingine vinatoa tezi kama thaimasi.