Kutoka GPX hadi jedwali kwa amri moja

Mwongoza watalii akishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka na kukukabidhi simu yake, ulichonacho ni faili la GPX, yaani rekodi ya njia aliyopita. Bosi anachotaka ni jedwali: kundi lilipita wapi, saa ngapi, mwinuko gani. Tovuti za kubadilisha mafaili zipo tele, ila zinakula bando na zinataka faili mojamoja. Programu ya xmlstarlet inaifanya kazi hiyo bila intaneti. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install xmlstarlet`. Wa Windows wapitie WSL (Linux ndani ya Windows).

GPX ni XML tu, yaani maandishi yaliyofungwa kwa lebo. Nukta moja ya njia inakaa hivi:

<trkpt lat="-3.0758" lon="37.3533"><ele>5894.2</ele><time>2024-02-11T03:40:12Z</time></trkpt>

Kabla ya kuandika chochote, endesha `xmlstarlet el -a njia.gpx | sort -u`. Utaona muundo wote wa faili kwa mistari michache. Latitudo na longitudo ni atributi (ziko ndani ya lebo yenyewe), hivyo zinaitwa kwa alama ya @. Mwinuko na muda ni elementi (zina lebo zao). Halafu:

echo "lat,lon,mwinuko,muda" > njia.csv

xmlstarlet sel -N g=http://www.topografix.com/GPX/1/1 -T -t -m "//g:trkpt" -v "@lat" -o "," -v "@lon" -o "," -v "g:ele" -o "," -v "g:time" -n njia.gpx >> njia.csv

`-m` inapita kwenye kila nukta, `-v` inatoa thamani, `-o` inaandika mkato na `-n` inashuka mstari. `-T` usiisahau: bila hiyo matokeo yanatoka kwa kanuni za XML, na jina lenye "&" litageuka "&amp;". Nukta isiyo na mwinuko haivurugi safu, kwa sababu mkato wake unaandikwa vilevile.

Wengi hukwama kwenye ile `-N`. Ukiandika `//trkpt` tupu, unapata faili lenye kichwa peke yake. Sababu ni kwamba GPX hutangaza nimspesi juu kabisa (anwani inayotambulisha majina ya elementi zake, ambayo `-N` inaipa kiambishi g), na kwenye XPath 1.0, lugha ya kutafutia ndani ya XML, jina lisilo na kiambishi humaanisha elementi isiyo na nimspesi yoyote. Kwa hiyo kinachotafutwa hakipo. Tazama `head -c 600 njia.gpx`: vifaa vya zamani huandika GPX/1/0, na anwani ikipishana hata kwa tarakimu hiyo moja, hupati kitu.

Muda nao una mambo yake. Z mwishoni ni saa za UTC, na sisi tuko saa 3 mbele. Ile 03:40 ya juu ni 06:40 ya hapa, yaani saa 12:40 asubuhi, jua linachomoza watu wako kilele cha Uhuru. Ukiuacha ulivyo, ripoti itasema kundi lilifika kileleni usiku wa manane, na kuna atakayeiamini. Badili kipande cha muda kiwe:

-v "substring(translate(g:time,'TZ',' '),1,19)"

T inakuwa nafasi, Z inafutika, sehemu za sekunde zinakatwa. Ndani ya jedwali andika =D2+3/24 na uburute chini.

Alama za vituo (wpt) zina majina yaliyoandikwa jinsi watu walivyojisikia: "Horombo, choo cha juu". Huo mkato unaongeza safu. Kwa wpt tumia Tab badala ya mkato, `-o "$(printf '\t')"`, na jina lipitishe kwenye `normalize-space(g:name)` ili mistari iliyovunjika iungane. LibreOffice ikiuliza kitenganishi, chagua Tab peke yake. Kompyuta iliyowekwa Kijerumani au Kifaransa inataka desimali kwa mkato. Hapo kwenye dirisha hilohilo badili lugha iwe Kiingereza, la sivyo 37.3533 itabaki maandishi.

Simu ikizimika kwa baridi ya kambi ya Barafu, faili linaweza kukatika katikati. `xmlstarlet val -e njia.gpx` itakuambia mstari wenye tatizo, na `xmlstarlet fo -R njia.gpx > nzima.gpx` itaokoa kinachosomeka. Kinachopotea mara nyingi ni nukta ya mwisho tu.

Hakiki idadi kabla ya kutuma. `grep -c` haifai, maana inahesabu mistari, na mafaili mengine ya GPX yote ni mstari mmoja. Tumia `xmlstarlet sel -N g=http://www.topografix.com/GPX/1/1 -t -v "count(//g:trkpt)" njia.gpx`, kisha `wc -l njia.csv`, ya pili izidi kwa 1, ambacho ni kichwa.

Kifaa kinachorekodi kila sekunde hutoa mistari 28,800 kwa saa 8 za kutembea. Kwa grafu ya mwinuko nukta moja kwa dakika inatosha: `-m "//g:trkpt[position() mod 60 = 1]"`. Hesabu hiyo huanza upya kwenye kila trkseg (kipande cha rekodi), kwa hiyo rekodi iliyosimamishwa mara nyingi itakupa nukta chache za ziada pale ilipoanzishwa tena.