Nilivyootesha valisineria katika tangi la kioo hapa Goma

Miche 12 ya valisineria, mmea wa majini unaopandwa katika matangi ya samaki, niliyoletewa na rafiki kutoka Bujumbura, ikiwa imeviringishwa katika gazeti lililoloweshwa, ilikufa yote ndani ya wiki tatu, nami nikaamini kwamba iliuawa na maji ya Ziwa Kivu. Haikuwa hivyo. Maji haya yana magnesiamu nyingi na pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, yaani ni ya alkali, hali ambayo mimea mingi ya matangi haiipendi, lakini valisineria, yenye majani marefu membamba kama tepe, huweza kujipatia kaboni kutoka katika bikabonati iliyoyeyuka ndani ya maji ya namna hiyo.

Kosa lilianzia chini. Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 35, na nilikuwa nimelitandikia changarawe nyeusi ya volkano, ambayo hapa kwetu huokotwa popote. Changarawe hiyo ni nyepesi, ina matundu, haishiki mizizi. Kila asubuhi nilikuta miche inaelea, na kila asubuhi niliizamisha zaidi. Mama jirani, anayelima vitunguu, aliitazama kupitia kioo akaniuliza: «Mwanangu, mbona umeizika mpaka shingoni? Hata kitunguu ukikifanyia hivyo kitaoza.» Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa bado myeupe na imara, ila pale majani yanapokutana na mizizi palikuwa pamegeuka kahawia, pamelegea, na panatoa harufu ya yai viza.

Mara ya pili nilitandaza sentimita 2 za udongo wa bustani uliochekechwa, juu yake sentimita 4 za mchanga niliouosha kwa bidoni kadhaa za maji yaliyoletwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kila mche niliuzamisha, kisha nikauvuta juu taratibu mpaka shingo yake ikaonekana juu ya mchanga. Majani ya zamani yaliyeyuka hata hivyo, kwa sababu mmea huu huyaacha unapohamishwa, na ilinibidi kujizuia nisiung'oe. Nilikuwa nikiugusa katikati kwa kidole, na maadamu palikuwa pagumu, niliuacha. Siku ya 19 lilichomoza jani changa, la kijani hafifu, lenye upana wa njiti ya kiberiti.

Mwanga nao ulinisumbua. Umeme ukikatika mchana, nilikuwa nikifidia kwa kuwasha taa mpaka usiku wa manane, na mwani ukafunika vioo. Sasa taa inatumia betri ya sola na swichi yenye saa, kwa saa 8 kila siku, na kwa maoni yangu ratiba isiyoyumba ina faida kuliko taa kali. Kipasha maji sikuhitaji, hata katika usiku wetu wa baridi.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, tawi jeupe jembamba lilitambaa juu ya mchanga, likapita chini ya jiwe na kuchipua mche mwingine upande wa pili. Mche mtoto nautenga pale tu unapokuwa na majani manne na mizizi yake. Majani yaliyozidi urefu nayaondoa mazima kutoka shinani, maana yakikatwa katikati ncha hugeuka kahawia. Yale ya zamani, ukiyapitishia kidole, yanakwaruza kidogo kwa chokaa nyeupe iliyoyagandia, na hapo ndipo samaki wangu sita wadogo, gapi, hupenda kudonoa asubuhi taa inapowaka.